Asali ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Februari

Mke wangu ameondoka leo asubuhi kwenda kwenye mafunzo yake ya ukunga, na hatarudi mpaka muhula uishe. Amesema mimi ni mtu wa maneno mengi, na ukuta hauna uvumilivu kama wake, kwa hiyo ameniachia daftari niliongeleshe. Basi naanza. Mimi ni seremala. Nina mikono mizuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Waulizeni wanaofunga milango yangu bila kuisukuma kwa bega.

Kitu kingine alichoniachia ni mama yake. Mama mkwe wangu ni mjane, anafuga nyuki, ana mizinga minane nyuma ya nyumba yake, na mwezi uliopita aliteguka bega. Msimu wa kurina asali ndio huu. Wa kumsaidia ni mimi. Nilipomwambia mke wangu kwamba naogopa nyuki, alicheka, akapanda basi.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimeingia kwa nyuki. Masharti ya Mama: nisioge kwa sabuni ya kunukia, nisije nimekula vitunguu, nisije na hasira, nisije na haraka.

"Haraka nitaiacha nyumbani, Mama. Hofu je?"

"Hofu njoo nayo. Na wao wanakuogopa vilevile."

Mizinga yake ni masanduku marefu yaliyowekwa juu ya nguzo. Juu yamepangwa vibao, na kila kibao kinaning'iniza sega moja, zito kama mtoto aliyelala. Mimi napuliza moshi kwa bomba, nainua kibao, yeye anakata kwa mkono wake mzima. Niliyategemea masega yote. Kumbe hapana. Kila mzinga anauachia masega matatu yaliyojaa, tena yale mazuri.

"Mbona haya tunayaacha, Mama?"

"Hayo si yetu."

"Ni ya nani?"

"Ya walioyafanyia kazi."

Sharti jingine nimelijua baada ya kumaliza. Chupa ya kwanza ya kila mzinga inatoka nje ya geti kabla sisi hatujalamba hata kidole, na inakwenda kwa mtu ambaye hakuomba. Leo imekwenda kwa mama muuza mkaa, ambaye aliipokea kwa mikono miwili akasahau kufunga kanga. Mama aliniangalia kidevuni. Nilikuwa nimeshalamba.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeumwa na nyuki kwenye pua. Sina la kuongeza.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimefanya jambo.

Watoto wadogo wa kanisa letu wanasomea barazani. Mvua ikija, wanabanwa ukutani na mwalimu wao anafundisha akiwa ameinua sketi. Mchungaji ametangaza kwamba tutawajengea darasa, na Jumapili ya mwisho ya Aprili itakuwa siku ya kuleta kila mtu alichoahidi. Akauliza nani anaanza.

Akaanza Kipaza. Jina hilo tumempa kwa sababu mbili: ndiye anayesimamia vipaza sauti vya kanisa, na hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Tumekua pamoja, tumesoma pamoja, na tangu tukiwa na kaptula yeye ndiye wa kupigiwa makofi. Akasimama, akavuta suruali juu: "Mifuko ishirini ya saruji!" Kanisa likalipuka. Akageuka huku na huku akipokea makofi yake, na macho yake yakapita kwangu, yakatua kidogo, yakaendelea.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Naapa ulipanda wenyewe.

"Ndoo tatu za asali! Ziuzwe, zijenge darasa!"

Vigelegele vilivyopigwa, sikuwahi kuvipata hata siku ya harusi yangu. Nikaketi nimejaa pumzi. Mama yuko benchi la mbele upande wa wanawake. Hakugeuka. Alirekebisha tu kitambaa chake cha kichwa, polepole, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba asali si yangu.

Tulipotoka alinipa mkoba wake nimbebee. Tukatembea mpaka kwenye kona.

"Fundi, nimesikia tuna ndoo tatu."

"Mama, lilinitoka."

"Neno likitoka halina mlango wa kurudia. Basi tukaze mikono."

Nilidhani hayo ndiyo yamekwisha. Akaongeza: "Lakini masega matatu ni matatu, na chupa ya kwanza ni ya kwanza. Ahadi ni yako, wao hawakuahidi kitu."

Jumatano, 12 Februari

Mizinga miwili leo. Chupa moja kwa fundi baiskeli, nyingine kwa mlinzi wa zahanati, ambaye alidhani anadanganywa akaikataa mara mbili.

Ijumaa, 14 Februari

Kipaza amepita karakanani kununua misumari ambayo yeye mwenyewe anaiuza. "Ndoo zinajaa?" Nikamwambia zinafurika. Ndoo ya kwanza haijafika nusu.

Jumanne, 25 Februari

Ndoo ya kwanza imejaa, namshukuru Mungu. Mzinga wa leo ulikuwa mzuri na nilikuwa nimeanza kumsifu Mama moyoni, mpaka nilipomwona anaifuta chupa ya kwanza na kunipa. "Mpelekee mke wa Kipaza."

"Kipaza? Mama, wale wana duka!"

"Lina asali?"

Nimeipeleka. Nilipiga hodi kama mtu anayepeleka shauri mahakamani. Mke wa Kipaza alifurahi kupita kiasi, akanikaribisha chai, na Kipaza akatokea chumbani akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba asali hii ni dhahabu. Chai ilikuwa nzuri. Hilo nalo liliniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Mzinga wa sita tumemaliza jana. Ndoo mbili zimejaa na nimezifunika kwa vitambaa safi. Imebaki mizinga miwili. Mmoja bado mchanga, Mama hataki uguswe mwaka huu. Wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote, uko peke yake chini ya ukuta, na Mama anauita Kasri. Marehemu mumewe ndiye aliyeuanzisha. Nimepiga hesabu za kichwa: tukiacha masega matatu Kasrini, ndoo ya tatu itapungua kiganja kizima. Nimezipiga tena. Bado kiganja.

Kipaza ameniuliza mbele ya watu kama ndoo zangu ni za lita ishirini au za kuchezea watoto. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji yangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Mama amekwenda kumwangalia mzazi, atakaa wiki moja. Aliponiaga alisema, "Kasri limeshaiva. Lirine mwenyewe, sasa unaweza. Na unajua."

"Najua, Mama."

Ijumaa, 14 Machi

Nimelirina Kasri peke yangu. Bila kukimbia! Nilipuliza moshi polepole, nikaimba kidogo, nikainua kibao kimoja kimoja. Mke wangu angeniona angejua ameolewa na mwanamume.

Niliacha masega matatu, kama inavyotakiwa. Nikakamua, nikamimina, nikaangalia ndoo. Kiganja kilikuwa pale pale.

Nilirudi kuangalia tu. Nataka ieleweke kwamba nilirudi kuangalia. Nikafungua, nikayaona yale matatu, manene, meupe juu, yamefungwa vizuri. Nikajiambia nyuki ni wafanyakazi hodari, maua bado yapo, watajaza tena kabla hata Mama hajashuka kwenye basi. Tena ni kwa kazi ya Bwana, nani atalalamika? Nikachukua moja. Ndoo ikapanda. Nikachukua la pili. La tatu likabaki linaning'inia peke yake, nikalionea huruma, nikalichukua nalo.

Ndoo imejaa mpaka ukingoni. Chupa ya kwanza sikutoa, ingeipunguza. Nitaitoa baadaye.

Jumamosi, 15 Machi

Mawingu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza jana jioni, mapema kuliko watu walivyodhani. Leo ilipopungua nikaenda kuwajulia hali. Mizinga mingine ilikuwa inavuma ndani kwa ndani. Nikafika Kasrini nikaweka sikio. Kimya. Nikagonga kwa kidole. Nikafungua kifuniko bila moshi, bila glavu, na hapakuwa na haja ya glavu. Walikuwa wamekufa wachache chini, wamelowa. Wengine wote wamehama.

Nimesimama pale mvua ikaanza upya ikanikuta bado nimeshika kifuniko. Waliona ghala limesafishwa, na mvua inakuja, wakafanya ambalo hata mimi ningefanya. Mama anarudi keshokutwa.

Jumatano, 19 Machi

Nilimpokea stendi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, lakini aliponipa mkoba nikayatapika yote papo hapo, katikati ya watu na mizigo: masega matatu, ndoo, ukimya. Tulipofika hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja Kasrini na kilemba cha safari. Akaingiza mkono, akaupitisha ndani mwote, akautoa. Akakaa juu ya tofali.

"Huu aliuanza na nyuki wa kujaa kofia yake," akasema. "Kofia. Aliwabeba hivi, barabarani, watu wakimkimbia." Akafuta macho kwa upande wa mkono wenye asali kavu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nilidhani nimekufundisha kurina, kumbe nimekufundisha kukata tu." Kisha akasimama. "Twende, chakula kinapoa."

Chakula kilikuwa hakijapikwa. Tulikipika wote wawili.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Mke wangu amepiga simu. Nimemweleza kila kitu, nikamalizia kwa kusema kwamba hata hivyo nilikuwa nataka kutoa.

"Umetoa cha mama," akasema. "Ukatoa na cha nyuki. Chako ni kipi?"

"Jasho langu."

"Jasho hata punda anatoa, mume wangu."

Salio likaisha. Ni lake, lakini liliisha mahali pabaya kwangu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nimetengeneza kabati la mtu. Sijaipenda milango yake.

Jumapili, 30 Machi

Sijawahi kuwa na Jumapili kama hii na siombi nyingine.

Mchungaji alikuwa anahubiri juu ya utulivu. Mimbari yake niliitengeneza mimi, sanduku refu la mbao ngumu, wazi kwa ndani, na nyuma lina tundu la kupitishia waya wa kipaza sauti. Kila aliponyamaza ili tuutafakari utulivu, tulisikia mngurumo. Akagonga kipaza sauti. Mngurumo. Akamwashiria Kipaza. Kipaza akaja mbele kwa hatua za mtu mwenye kazi yake, akainama nyuma ya mimbari, akavuta waya.

Aliyetoka pale nyuma hakuwa Kipaza tunayemjua. Alitoka akiwa amefunika jicho, akapita katikati ya kanisa kwa kasi, na nyuma yake wakaja nyuki kama mia hivi kumsindikiza. Kanisa zima likainuka. Waliokuwa wametoa ushuhuda kwamba hawaogopi mauti walitokea madirishani. Mchungaji alitupa mikono juu akasema "Tuonane nje!", na huo ndio ukawa mwisho wa ibada.

Aliyebaki ameketi ni mtu mmoja, benchi la mbele. Nilimrudia kwa kuinama. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu stendi.

"Mkwe wangu," akasema, "nenda kalete bomba la moshi."

Tulingoja jua lishuke nyuki wote warudi ndani. Nilihitaji mtu wa kushika taa, na watu wote niliowaomba walikumbuka kwamba wana wageni. Aliyekuja ni Kipaza. Jicho lake limevimba limefungana, shavu limekuwa la mtu mwingine, na mkononi ana tochi ya dukani kwake. Nikafungua ubao wa chini wa mimbari. Walikuwa wamejaa, wameshikana, wameshaanza kujenga visega vyeupe vya kiganja.

"Ndugu yangu," Kipaza akaninong'oneza. Alinong'ona! "Mimi naogopa sana."

"Hata mimi."

"Basi fanya haraka."

"Haraka ndiyo hawapendi."

Tukafanya polepole, yeye akimulika na mimi nikikata, Mama akiwa nyuma yetu anatuelekeza. Tulivifunga visega kwenye vibao kwa uzi, tukawakung'uta nyuki ndani ya Kasri, ambalo tulikuwa tumelileta tupu, na Mama alipomwona malkia akiingia akasema asante kwa Mungu, si kwetu. Tukalibeba mimi na Kipaza, kila mtu na upande wake, njia nzima, mvua ya rasharasha ikituangukia. Nilimuuliza Mama kama ni wale wale.

"Nitajuaje? Nyuki hawana vitambulisho. Wamekuja, tuwapokee."

Jumanne, 1 Aprili

Furaha imekaa siku mbili. Mvua inanyesha mfululizo, nyuki hawatoki, na hata wakitoka maua yamepukutika. Mizinga ile sita iko salama, na leo ndipo nilipoelewa kwa macho yangu. Nilifungua mmoja kidogo: wametulia juu ya masega yao matatu, wanakula akiba yao, mvua haiwahusu. Wa Kasri hawana hata tone.

"Hawa watakufa wiki hii," Mama alisema.

"Tuwape nini?"

Aliangalia kona ya chumba ambako ndoo zangu tatu zimepangwa na vitambaa vyake. Hakusema "toa". Angesema ningepata cha kubishia.

Niliinua ndoo ya tatu mwenyewe. Unamimina asali kidogo kwenye sahani, unapanga vijiti juu ili wasimame wasizame, unaiingiza ndani jioni. Nilikaa pale na mwavuli nikawaona wanashuka mmoja mmoja, wamedhoofu, wanaweka ndimi zao kwenye kile kile nilichowaibia. Nikajikuta nawaambia kuleni, kuleni tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimelisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Nimelisha. Mama naye ameanza kuniita Fundi tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Ndoo ya tatu imefika nusu. Nimempelekea pia mwalimu wa watoto chupa moja, ile ya kwanza ya Kasri ambayo sikuitoa siku ile. Hakuwa ameomba. Alinishukuru, akanyonya kidole mbele yangu bila haya kabisa, nikacheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilipita kanisani asubuhi. Watoto walikuwa barazani wamejibana ukutani kama kawaida, wanaimba herufi, na upepo ulipogeuka mvua ikawapiga wote usoni, wakapiga kelele za raha. Mwalimu peke yake ndiye hakufurahi. Kuta za darasa zimeanza kupanda. Kipaza hakungoja siku ya kutoa, ameshaleta saruji yake. Na si kwa gari. Gari lilinasa kwenye matope, nilimwona akiibeba begani, mfuko mmoja mmoja, amejifunika nailoni, bila mtu wa kumtazama isipokuwa mimi. Hakujua nipo. Nimemwonea wivu maisha yangu yote na sikuwahi kumwona.

Nikarudi karakanani nikakaa. Nyuma, chini ya turubai, ziko mbao zangu. Nimezikausha miaka miwili kwa ajili ya banda langu jipya, mbao nyofu, kavu, hazina fundo. Kila jioni nazipapasa. Darasa lina saruji, lina mawe, watu wameahidi mabati na mchanga. Mbao za paa hakuna aliyeahidi. Nilikuwa najua hivyo tangu Februari, kwa sababu mimi ndiye seremala, nami nikaahidi asali.

Nilicheka, kisha sikucheka. Nikaenda kwa Mchungaji.

"Mbao za paa zipo," nikamwambia. "Na kazi ya kuliezeka ipo. Ila mtoaji asitajwe."

"Mtoaji nani?"

Nikaangalia viatu vyangu. Akaniangalia muda mrefu, kisha macho yakamtoka.

"Wewe? Usitajwe?"

"Nimeshatajwa vya kutosha, Mchungaji."

Jumapili, 27 Aprili

Siku ya kutoa. Nilipoitwa nilisimama na ndoo mbili.

"Niliahidi ndoo tatu," nikasema, "na niliahidi kabla ya kumuuliza mwenye asali. Hizi mbili ni za Mama, yeye ndiye wa kushukuriwa. Ya tatu wameila wenyewe walioitengeneza."

Kanisa likacheka mpaka watoto wakaamka. Kipaza alicheka kuliko wote, jicho lake limeshafunguka. Mama alisimama kidogo, akapokea vigelegele vyake kwa kuinamisha kichwa, akaketi. Nilitegemea aibu. Ilikuja, ndogo, ikaondoka.

Jumatano, 30 Aprili

Jua nusu siku. Wa Kasri wametoka! Wamerudi na chavua ya njano miguuni. Mama ameniita kwa sauti nikadhani kuna nyoka.

Jumanne, 6 Mei

Niko juu ya paa. Napigilia.

Ijumaa, 9 Mei

Napigilia. Kila anayepita chini anauliza nani kanilipa. "Mbao nzuri hizi, kazi ya nani?" Nasema nalipwa vizuri. Wameshaamua wenyewe kwamba ni Kipaza; nani mwingine mwenye uwezo? Kipaza mwenyewe kanipandia ngazi leo kuniuliza. Nikamwambia mwenyewe hataki kutajwa. Akatikisa kichwa: "Watu wengine wana moyo. Mimi ningekufa nisiposema." Nikamwomba anipe msumari. Kwenye mbao hizi nimefanya kazi ambayo sijawahi kuifanya kwa mteja yeyote. Viungo vimekaa hata maji hayaoni pa kuingilia.

Jumamosi, 24 Mei

Mke wangu amerudi! Basi lilichelewa, amefika amelowa, amelala kama gogo. Karakana bado hajaiona.

Jumapili, 25 Mei

Darasa limefunguliwa leo. Tuliingia wote ndani, wakubwa tumekunja magoti kwenye vibenchi vya watoto, mke wangu kulia kwangu, Mama kushoto. Mvua ikaanza Mchungaji alipokuwa katikati ya sala. Kila mtu akainua macho juu, kwa mazoea, tukingoja tone. Halikuja. Ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na chini tulikuwa wakavu kabisa, na watoto wakaanza kupiga makofi wenyewe.

Mchungaji akawashukuru wote kwa majina, saruji, mabati, mchanga, asali ya Mama. Kisha akasema kuna mtu ametoa paa zima, mbao na kazi, naye ameomba asitajwe. "Mungu anamjua," akasema, na akaangalia Biblia yake kwa bidii kubwa ili asiangalie kwingine.

Kanisa zima likamgeukia Kipaza.

"Si mimi!" Kipaza akasema.

Watu wakatabasamu.

"Jamani, si mimi! Kweli!"

"Ona unyenyekevu," mama mmoja nyuma akasema, na makofi yakaanza. Kipaza akasimama kuyazuia kwa mikono miwili, akaapa, akakana, akamwita mke wake awe shahidi, na kila alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kupiga. Siku moja tu maishani mwake amesema kwamba hakutoa, na hakuna aliyemwamini.

Ulimi wangu ulikuja mpaka kwenye meno. Nausema ukweli: ulifika kwenye meno. Nikaangalia kushoto. Mama alikuwa ametazama mbele, mkavu, lakini mabega yote mawili, hata lile lililoteguka, yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na machozi yanamtoka. Sikumwambia kitu kamwe. Yeye ndiye aliyenifundisha masharti.

Hapo mke wangu akaniegemea sikioni, akiwa bado anapiga makofi.

"Unaona mwenzako?" akaninong'oneza. "Ametoa paa zima, na hata kutajwa hataki. Na wewe jifunze."

Mvua ilikuwa inapiga juu ya mbao zangu na hakuna hata tone.

"Nitajaribu, mke wangu," nikasema, nikasimama nikampigia Kipaza makofi mpaka viganja vikawaka moto, na sijawahi kufurahi kanisani kama nilivyofurahi leo.